Tumehamia Pluckley, kijiji cha mizimu, na mimi silali: je, tuhame?

SWALI: "Shikamoo mwalimu. Sisi ni familia kutoka Tanga, tunaishi Kent huku Uingereza, mimi nalea wazee na nafanya zamu za usiku. Mwezi wa kumi tumehamia nyumba ndogo ya kizamani kijiji cha Pluckley, karibu na kanisa na ile baa ya Black Horse. Kodi nafuu, nikashukuru Mungu. Kumbe majirani wanasema hiki ndo kijiji chenye mizimu mingi kuliko vyote Uingereza, na kuna mwanamke mwekundu anazunguka makaburini kutafuta mtoto wake, na mimi nina binti wa miaka minane. Tangu nisikie hayo nimesikia mwanamke anapiga yowe usiku upande wa msituni, mara mbili nimeshtuka usingizini siwezi kusogea kuna kitu kimenikalia kifuani, na nikiamka kichwa kinauma. Mume wangu anasema naota tu. Mama kule Tanga anasema tuhame leo. Nifanye nini?"

JIBU: Marahaba dada yangu, na pole sana kwa kukosa usingizi. Ntakujibu kwa urefu, maana hapo umeuliza mambo manne yamefungwa kwenye furushi moja, na mimi kazi yangu ni simulizi za watu kwa hiyo nina mengi ya kusema kuhusu huyo mwanamke mwekundu. Ila kuna jambo moja halisubiri hadithi, nalo ni hicho kichwa.

Mtu anayelala nyumba ya kizamani, wakati wa baridi, madirisha yote yamefungwa, anaamka kichwa kinauma, kitu cha kwanza kufikiria ni gesi ya kaboni monoksaidi, mizimu baadaye. Gesi hii haina rangi wala harufu. Inatoka pale boila, jiko la kuni au la makaa linapoungua bila hewa ya kutosha, au dohani ikiziba kwa masizi au kiota cha ndege, na ukiivuta inashika nafasi ya oksijeni kwenye damu. Dalili zake ni kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, uchovu usioeleweka, na ikizidi akili inachanganyikiwa kabisa. Mwaka 1921 daktari mmoja wa macho Marekani, William Wilmer, alichapisha kisa cha familia iliyohamia nyumba ya zamani wakaanza kusikia nyayo, kuona watu wasiokuwepo na kuhisi kitu kinawakandamiza kitandani, kilichokuja kugundulika ni tanuru mbovu la kupashia nyumba joto lilikuwa linamwaga moshi ndani. Walipolitengeneza "mizimu" ikaondoka.

Kwa hiyo leo hii, sio kesho, angalia kama kuna alamu ya kaboni monoksaidi na bonyeza kile kitufe cha kuijaribu. Tangu Oktoba 2022 sheria ya England inamtaka mwenye nyumba aweke alamu hiyo kwenye kila chumba kinachotumika kuishi, hata jikoni, chenye kifaa kinachochoma gesi, mafuta, kuni au makaa, isipokuwa jiko la gesi la kupikia tu. Kama mna gesi, kila mwaka lazima ije ikaguliwe na fundi aliyesajiliwa Gas Safe, yaani orodha rasmi ya mafundi wa gesi, na wewe upewe nakala ya karatasi ya ukaguzi. Iombe, ni haki yako, usiogope kuonekana msumbufu. Alamu ikilia, au mkigundua kichwa kinapona mkitoka na kinarudi mkirudi, au mume na mtoto nao wanalalamika hivyo hivyo, zimeni vifaa, fungueni madirisha, tokeni nje wote, halafu pigeni 0800 111 999 ambayo ni namba ya dharura ya gesi, usiku na mchana. Mtu akiwa hoi au amechanganyikiwa piga 999, namba ya dharura ya huku. Na mwambie GP wako, yaani daktari wa familia, waziwazi kwamba unaogopa sumu ya kaboni monoksaidi, usiseme tu "kichwa kinauma" ukapewa panadol.

Inawezekana ukakuta alamu ipo, boila nzima, na kichwa kinauma kwa sababu ya zamu za usiku tu. Sawa, utakuwa umejua.

Sasa tuje Pluckley yenyewe.

Majirani wanaosema hiki ndo kijiji chenye mizimu kuliko vyote najua wanachomaanisha, ni kitabu cha rekodi cha Guinness ambacho mwaka 1989 kiliitaja Pluckley kuwa kijiji chenye mizimu mingi kuliko vyote Uingereza. Wengi wakisikia hivyo wanadhani kuna watu walikuja na vifaa wakahesabu. Hapana. Kilichohesabiwa ni hadithi. Ndo maana idadi haitulii, huyu anasema 12, yule 14, mwingine 16, inategemea anayehesabu anaona hadithi mbili zinazofanana ni mzimu mmoja au wawili. Na rekodi yenyewe ikaleta watu zaidi, na watu wakaja na matarajio, ikifika usiku wa Oktoba 31, ule wa Halloween wa kusherehekea mizimu, vijana wanatoka miji mingine na tochi zao wanajaa barabarani na kule Dering Wood ambao wameubandika jina la Msitu wa Mayowe. Kwa hiyo ukisikia sauti za watu msituni saa sita usiku kwanza fikiria hao.

Nikueleze kuhusu huyo mwanamke mwekundu, maana ndiye anayekunyima usingizi zaidi, na naelewa kwa nini, mama akiambiwa kuna mwanamke anatafuta mtoto hapo nje hawezi kupuuza.

Hadithi inasimuliwa hivi: bibi mmoja wa ukoo wa Dering, waliokuwa mabwana wa eneo hilo, alikufa akiwa mzuri ajabu, mume wake akataka uzuri usiharibike akamzika ndani ya majeneza ya risasi, yaani yale madini mazito, moja ndani ya jingine, yote ndani ya jeneza la mti wa mwaloni, na waridi jekundu kifuani. Ila msikilize anayesimulia. Mmoja anasema huyo ndiye Bibi Mwekundu wa makaburini, mwingine anasema hapana, mwenye majeneza ni Bibi Mweupe anayeonekana ndani ya kanisa na aliyekuwa akionekana pia kwenye jumba la ukoo, Surrenden Dering, lililoungua mwaka 1952. Majeneza mara ni matatu mara saba. Mtoto mara alizaliwa amekufa akazikwa bila alama, mara hatajwi kabisa. Mtu wa simulizi akiona hivyo hashangai wala hasemi watu ni waongo, anajua tu kwamba hapa kuna hadithi inayoishi midomoni, kila mdomo unaiongeza unapopenda.

Na kuna punje ya ukweli ndani yake. Matajiri wa Uingereza waliozikwa kwenye vyumba vya chini ya makanisa kweli walitiwa kwenye jeneza la risasi, kawaida kulikuwa na la mbao ndani, la risasi katikati, na la mbao nje lenye mapambo, sababu ni kuzuia harufu na maji maji yasitoke maana mwili haukufukiwa ardhini. Mwanakijiji maskini anayezikwa na sanda tu au ubao mwepesi akiona jeneza zito la namna hiyo linaingizwa kanisani, linabebwa na wanaume wengi linawashinda, atasimulia maisha yake yote. Tatu zikawa saba. Upendo wa mume ukaongezwa kueleza uzito.

Halafu wanasema bibi huyo aliishi karne ya 12. Hapo ndo pananoga. Ukoo wa Dering uliipata Surrenden karne ya 15, kwa ndoa, kwa hiyo Lady Dering wa karne ya 12 kuzikwa hapo haiwezekani. Umri huo umetoka wapi? Karne ya 17 ukoo ulikuwa na mtu anaitwa Sir Edward Dering, alizaliwa 1598 akafa 1644, msomi mkubwa, mpenzi wa karatasi za kale, ndiye mnunuzi wa kwanza anayejulikana wa kile kitabu kikubwa cha tamthilia za Shakespeare cha 1623, alinunua nakala mbili Desemba ya mwaka huo huo. Sasa bwana huyu alitaka ukoo wake uonekane wa kale kabisa, tangu enzi za Wasaksoni kabla ya 1066, na akatengeneza ushahidi. Aligushi hati, na ndani ya kanisa hilo hilo la St Nicholas jirani yako akaweka mabamba ya shaba ya kumbukumbu za mababu yaliyofanywa yaonekane ya zamani. Yaani mtu akiingia kanisani anasoma wafu ambao walitungwa na mtu aliye hai. Mimi naona ndo udongo alimoota huyo bibi wa karne ya 12. Ukiambiwa kwa miaka mia tatu kwamba mababu wa Dering wamejaa chini ya sakafu tangu zama hizo, kwa nini mmoja asitembee?

Hata madirisha, ukitembea kijijini utaona nyumba nyingi zina yale madirisha membamba yenye kichwa cha mviringo. Watakuambia kwamba wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, karne ya 17, bwana mmoja wa Dering aliwatoroka askari wa Bunge kwa kuruka dirisha la namna hiyo na ndo maana yana bahati. Madirisha yenyewe yaliwekwa karne ya 19 na Dering mwingine kwenye nyumba za wapangaji wake. Ukoo ulijua kujisimulia, na wanakijiji waliokuwa wapangaji wao waliishi ndani ya simulizi hizo, kihalisia kabisa, wakichungulia nje kupitia dirisha la bwana.

Na kwa nini kila mara ni baa na kanisa? Sio Pluckley tu, zunguka England yote utakuta baa ya zamani na kanisa vinatazamana na vyote vina mizimu. Kanisa ndipo maiti anaenda, baa ndipo anasimuliwa. Watu wakitoka kuzika wanaingia hapo, baridi imewauma, wanakunywa na kumzungumza marehemu. Tena kuna jambo wengi hawalijui: mpaka mwanzoni mwa karne ya 20 uchunguzi wa vifo vya ghafla England mara nyingi ulifanyiwa ndani ya baa, maana ndo ilikuwa na chumba kikubwa kijijini. Aliyejinyonga, aliyeungua, aliyeanguka, maiti inaletwa pale au kibanda cha nyuma, mkaguzi wa vifo anakaa, wanakijiji wanaitwa kuutazama mwili na kutoa uamuzi. Hebu fikiria chumba kimesikia ushahidi wa namna hiyo vizazi na vizazi, halafu jioni pombe inaendelea kuuzwa humo humo. Baa za kale Uingereza hazihitaji uchawi kuwa na mizimu.

Za Black Horse yenyewe ni nyepesi: vitu vinahama rafuni, makoti ya wateja yanafichwa na kupatikana mahali pasipoeleweka. Baa iliyojaa watu na makoti meusi yanayofanana, mi sina la kuongeza.

Kuna moja ya kanisani naipenda. Wanasimulia kwamba watafiti wa mizimu waliomba kulala kanisani usiku mmoja, wakafungiwa na vifaa vyao, asubuhi padri alipokuja kuwafungulia wakamwambia hamna kitu tumekiona, usiku ulikuwa mkavu, afadhali mbwa wako alikuwa anakuja kututembelea. Padri akawaambia, mimi sina mbwa. Angalia ilivyotengenezwa, imekatwa palepale panapochoma, haiongezi neno. Hadithi iliyonyooka kiasi hicho imeshasimuliwa mara nyingi na wasimuliaji wazuri mbele ya wasikilizaji wenye glasi mkononi. Ukiisikia tena iheshimu kama kazi ya sanaa.

Sasa ukizipanga zile nyingine utaona aina mbili. Kuna jambazi wa barabarani aliyechomwa upanga kwenye mti pale Fright Corner, gari la farasi linalopita usiku, mtawa, bibi wa enzi za wafalme wa Tudor, hawa wako kila kaunti ya England, ni wahusika wanaosafiri, leo Kent kesho Yorkshire, usipoteze usingizi kwa ajili yao. Lakini kuna muuza mboga kizee aliyekuwa anakaa darajani na kiko chake na chupa ya pombe kali, cheche ikadondokea mtandio uliolowa pombe akaungua hapo hapo. Kuna mwalimu wa shule aliyejinyonga kichochoroni. Kuna mfanyakazi wa kiwanda cha matofali aliyeporomoka na ukuta wa udongo akipiga yowe. Hawa wananigusa. Hawana majumba wala mabamba ya shaba kanisani, na wanafanana sana na watu wanaokufa kweli, kwa umaskini, kwa huzuni, kazini. Kijiji hakikuwa na njia nyingine ya kuwakumbuka. Na ajabu, yule kizee wa darajani wanasema zamani alionekana mzima mzima akivuta kiko, siku hizi ni mwanga wa waridi tu, anafifia kadiri waliomjua wanavyoisha. Hao ukiwapita usikimbie. Waombee kwa dini yako.

Nirudi kwako. Kwa nini umeanza kuyaona baada ya kuambiwa? Maana masikio hayafanyi kazi peke yake, yanaiuliza akili "hii sauti ni ya nani?", na wewe umeshapewa jibu kabla ya sauti. Nyumba ya zamani inalia usiku, mbao zinajikunja joto likishuka, mabomba yanagonga boila ikizimwa, upepo unaingia kwenye dohani. Majirani zako wamezisikia sauti hizo tangu utoto, wewe umetoka nyumba ya matofali na bati Tanga ambayo nayo inalia ila lugha yake unaijua.

Lile yowe la mwanamke msituni karibu nina hakika ni mbweha. Mbweha wa huku wanapandana kati ya Desemba na Februari, kilele Januari, na jike anapiga ukelele wa kutisha kabisa, mkavu, kama mtu anachinjwa, polisi huwa wanapigiwa simu na watu wanaodhani mwanamke anauawa. Mwingine ni bundi mweupe anayependa minara na maghala, huyu halii ile sauti ya bundi tunayoijua nyumbani, anapiga yowe la kukwaruza. Najua kwetu bundi akitua paani tayari ni habari ya msiba, kwa hiyo hata ukiambiwa ni bundi moyo hautulii. Tafuta kwenye simu rekodi ya sauti za wote wawili, sikiliza mchana, mume akiwepo. Kama ndiyo uliyoisikia utaijua sekunde ya kwanza. Kama unasikia wazi mtu anaomba msaada kwa maneno, piga 999, usijiambie ni mzimu.

Na hicho kinachokukalia kifuani unakijua jina, ni jinamizi. Mume wako kasema unaota, kakosea kidogo. Kuna hatua ya usingizi ambayo ubongo unaota kwa nguvu na mwili unalegezwa makusudi ili usiigize ndoto ukajiumiza. Wakati mwingine akili inaamka kabla ya mwili kufunguliwa. Macho yanaona chumba chako halisi, mwili hausogei, pumzi inaonekana nzito, na mabaki ya ndoto yanamwagika chumbani, kuna mtu mlangoni, kuna uzito kifuani. Inapita kwa sekunde au dakika chache na haijeruhi. Inawapata zaidi wasiolala vya kutosha, wanaobadilisha saa za kulala, wenye wasiwasi na wanaolala chali. Dada, hiyo ni orodha ya maisha yako.

Unakumbuka Popobawa 1995, Pemba na Unguja? Watu walilala nje pamoja wakiota moto, na wengi waliosimulia walieleza hivyo hivyo, kutoweza kusogea, uzito, kushindwa kupiga kelele. Newfoundland kule Kanada wanasema ni bibi kizee anakukalia. Hali ni ileile, kila mahali inapewa uso wa pale. Wewe umeamka nayo Pluckley ikavaa gauni jekundu, ungeamka nayo Tanga ingevaa jingine. Ndo maana siamini kuhama peke yake kutaikomesha, utahama nayo na zamu zako.

Jaribu kulala saa zilezile hata siku za mapumziko, pazia zito la kuzuia mwanga mchana, lala ubavu, punguza chai ya rangi mwisho wa zamu, na mwombe meneja akupe zamu zinazofuatana badala ya kurukaruka. Ikikupata usipambane, sogeza kidole kimoja tu au kope, mwili utafuata. Nenda kwa GP kama inakuja kila wiki, kama unasinzia ovyo mchana, kama unakoroma na kukatika pumzi, kama misuli inaishiwa nguvu ghafla ukicheka, au kama unasikia sauti na kuona watu ukiwa macho kabisa mchana. Hapo usichelewe, na usimfiche kitu kwa kuogopa kuonekana una wazimu.

Kuhusu kuhama, nikuambie kweli. Sababu nzuri za kuhama zipo: mwenye nyumba akikataa kuweka alamu au kutengeneza boila, ukungu ukutani, au ukifanya yote haya na bado huna amani miezi inayofuata, amani yako nayo ni sababu, huhitaji cheti cha mtu. Ila kuvunja mkataba leo, kulipa kodi ya nyumba usiyoishi, kumtoa binti shuleni katikati ya muhula kwa sababu ya mbweha na Sir Edward, hiyo sikushauri.

Ukitaka mtu wa dini, mwite, wala haipingani na alamu. Kanisa la Anglikana lina mapadri walioteuliwa kila dayosisi kwa mambo haya haya, Pluckley iko dayosisi ya Canterbury, unaanza kwa padri wa parokia, hawatozi pesa na mara nyingi wataanza kwa kuuliza afya yako na usingizi. Kama nyie ni Waislamu mwite sheikhe mnayemfahamu, asome dua nyumbani. Wa kumkwepa ni yule wa WhatsApp anayetaja bei kabla hajauliza jina lako.

Binti usimfiche, shuleni ameshasikia na pengine anazijua kuliko wewe. Muulize akusimulie yeye, mchana, na umuache amalize. Watoto wa hapo wanakua nazo kama sisi tulivyokua na za mibuyu. Nenda naye makaburini kweupe msome majina kwenye mawe, mwonyeshe yale madirisha, mwambie habari ya bwana aliyejitungia mababu. Akianza kukataa kulala peke yake au kukojoa kitandani ndo uongee na mwalimu wake na GP.

Na mama Tanga usibishane naye. Mwambie umemsikia, muombe akusomee dua kwenye simu kila usiku kabla hujaingia zamu, nadhani hata yeye atalala vizuri zaidi akiwa na kazi ya kufanya. Halafu muonyeshe alamu kwenye video call ukiibonyeza.